Tundu la Sitaha na Kifuniko Chake: Historia ya Kitu na Matatizo ya Istilahi

Utangulizi

Istilahi nyingi za ufundi humfikia mfasiri zikiwa zimetengwa na vitu vinavyotajwa nazo. Huletewa orodha ya maneno, akatakiwa aandike mbele ya kila neno kisawe chake cha Kiswahili, naye hana mbele yake kitu chenyewe wala fundi wa kumwuliza. Matokeo yake ni kwamba neno hupatikana, lakini maana hupotea njiani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia kitu kimoja kidogo, kwamba historia ya kitu ni nusu ya istilahi yake, na kwamba mfasiri anayeipuuza historia hiyo aweza kumpotosha msomaji hata pale ambapo sarufi yake haina dosari.

Kitu tulichokichagua ni kifuniko chenye plastiki angavu ambacho hufunika tundu katika sitaha ya mashua ya matanga, hasa zile mashua zilizojengwa kwa faibaglasi tangu miaka ya 1950 na ambazo bado zinasafiri. Plastiki hiyo ikichakaa hapana budi ibadilishwe, na maelekezo ya kazi hiyo yamejaa dhana ambazo Kiswahili ama kina maneno yake na tumeyasahau, ama hakina na hatujayaunda.

Huenda msomaji akauliza, sisi tuna nini na vidirisha vya mashua za watu wa starehe? Majibu ni matatu. Kwanza, mashua za namna hiyo hutia nanga katika bandari zetu, na fundi wa pwani ndiye anayeitwa kuzitengeneza. Akipewa maelekezo ya Kiswahili, yawe sahihi. Pili, tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, watumishi wa serikali wana wajibu wa kutafsiri kanuni za vyombo vya majini, na kanuni hizo husema mengi juu ya matundu ya sitaha. Tatu, mafunzo yatokanayo na mfano huu yafaa mahali pengi: katika taa za magari, mapaa ya plastiki na vifaa vya hospitali.

1. Tundu, kifuniko na kizingiti

Tuanze na jina lenyewe. Waingereza hutumia neno moja kwa tundu la sitaha na kwa kifuniko chake, na msomaji wao huelewa kutokana na muktadha ni kipi kinachokusudiwa. Neno hilo hilo, kwa tahajia ile ile, lina mwenzake mwenye maana ya kuangua mayai, na mfasiri asiyeijua bahari aweza kujikuta amewapeleka mabaharia kwenye banda la kuku. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Tundu ni uwazi, na kifuniko ni kile kinachouziba. Anayeambiwa "pitia tundu la mbele" na anayeambiwa "funga kifuniko cha mbele" wameambiwa mambo mawili tofauti, na ni vyema yabaki mawili.

Wako wanaopendekeza neno "falka" litanuliwe maana. Falka ni nafasi ya shehena iliyomo tumboni mwa chombo, na ni neno la kale linalostahili kuheshimiwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haifai kulihamisha. Tukiita tundu "falka", tutaiita nini nafasi yenyewe? Neno linalotenda kazi yake vizuri lisipewe kazi ya pili wakati jirani yake yupo bila kazi.

Kuna sehemu ya tatu ambayo hutajwa mara nyingi katika sheria na ambayo wafasiri huiruka. Ni ule ukingo uliosimama kuzunguka tundu, ambao huyazuia maji yanayotiririka juu ya sitaha yasiingie ndani. Kwa sehemu hii Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni "kizingiti". Kizingiti cha mlango huinuka kutoka sakafuni, na kizingiti cha mto huzuia maji; ukingo wa tundu hufanya yote mawili. Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Shehena wa mwaka 1966 umeweka kimo cha chini cha vizingiti hivyo katika meli za mizigo: milimita 600 katika sehemu za sitaha zinazopigwa zaidi na mawimbi, na milimita 450 katika sehemu nyingine zilizotajwa. Mfasiri akiandika "ukuta" au "ukingo" tu, mkaguzi wa meli hatajua apime kutoka wapi hadi wapi.

Kwamba hili si jambo la kubishania ofisini tu, lathibitishwa na ajali ya meli ya mizigo Derbyshire ya Uingereza, iliyozama karibu na Japani mwezi wa Septemba 1980 pamoja na watu wote 44 waliokuwamo. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1994, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ukaeleza kwamba maji yaliingia kwanza sehemu ya mbele kupitia mabomba ya hewa yaliyovunjika, omo ikadidimia, kisha vifuniko vya tundu la kwanza vikashindwa kuuhimili uzito wa bahari. Meli ile ilikuwa na urefu wa karibu mita 300. Wahenga wa pwani walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na maji nayo, yaingiapo popote pale, marejeo yake ni ngamani.

2. Mwanga chini ya sitaha

Kwa muda mrefu kifuniko kilikuwa cha mbao, na kazi yake ilikuwa kuziba tu. Aliyetaka mwanga chini aliwasha taa, na moto katika chombo cha mbao kilichojaa lami, kamba na matanga ni adui kuliko giza. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya na Marekani wakaanza kupachika vipande vizito vya kioo katika sitaha. Vilivyopendwa zaidi vilikuwa na umbo la piramidi lililopinduliwa: upande wa juu uko sawa na sitaha ili watu wapite juu yake, na ncha huning'inia chini ikiutawanya mwanga chumbani. Meli ya kuvulia nyangumi Charles W. Morgan, iliyoshushwa majini New Bedford, Marekani, mwaka 1841 na ambayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Mystic Seaport, ina vipande vya namna hiyo.

Baadaye yakaja madirisha ya sitaha: fremu ya msaji yenye mbawa mbili zilizolala kama paa la nyumba, vioo ndani yake, na nondo za shaba juu ili kamba na miguu ya watu isivivunje vioo. Madirisha hayo yalipendeza sana, lakini yalivuja sana. Mbao hufura zinapolowa na kusinyaa zinapokauka, ilhali kioo hakifuri wala hakisinyai, na palipo na viwili visivyokwenda pamoja maji hupata njia. Tuliweke jambo hili moyoni, kwani litarudi katika sura nyingine tutakapoifikia plastiki.

Majahazi yetu hayakupita njia hii. Sehemu kubwa ya jahazi la mizigo iko wazi, na shehena hufunikwa kwa majamvi au maturubai, hivyo haja ya kidirisha cha sitaha haikuwapo. Hii ndiyo sababu ya pengo la istilahi. Lugha haina jina la kitu kwa kuwa wenye lugha hawakuwa nacho, na hilo halionyeshi kwamba lugha ni maskini. Kwa yale waliyokuwa nayo, tangu mkuku na taruma hadi foromali na demani ya tanga, mabaharia wa Kiswahili hawakupungukiwa na neno.

3. Plastiki angavu

Mwaka 1901 Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu ya udaktari juu ya michanganyiko ya jamii ya akriliki. Zilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya elimu hiyo kuzaa bamba gumu, jepesi na angavu, ambalo kampuni yake ya Darmstadt ililisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933. Huko Uingereza, kampuni ya ICI ilikuwa ikifuata njia hiyo hiyo kwa kazi ya Rowland Hill na John Crawford, na bamba lao likaitwa Perspex. Kitu ni kimoja, majina ya biashara ni mawili.

Yafaa tukumbuke kwamba kamusi ya Kiswahili sanifu iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson ilichapishwa mwaka 1939, yaani miaka sita tu baada ya usajili huo. Usanifishaji wa lugha yetu na plastiki angavu ni watu wa rika moja. Si ajabu basi kwamba kitu hiki kiliingia katika maisha yetu bila kupitia mlango wa kamati yoyote, na kila mtu akakiita alivyoweza: kioo cha plastiki, plastiki nyeupe, kioo kisichovunjika.

Vita vya pili vya dunia viliieneza akriliki haraka, kwani ilifaa kufunikia vyumba vya marubani. Uzito wake ni chini ya nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa ule ule, na hupitisha kama asilimia 92 ya mwanga. Daktari wa macho Harold Ridley wa London aligundua kwamba vipande vya plastiki hiyo vilivyoingia katika macho ya marubani havikuleta uvimbe kama ilivyotazamiwa, na mwaka 1949 akaitumia kutengenezea lenzi ya kwanza ya kupandikizwa ndani ya jicho. Kwa hiyo mgonjwa wa mtoto wa jicho na mwenye mashua waweza kuwa na deni kwa bamba lile lile.

Ndugu wa pili wa akriliki ni polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na karibu wakati huo huo na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Polikaboneti hustahimili kupigwa kuliko akriliki kwa mbali sana, lakini ni laini zaidi, hukwaruzika upesi, na isipotiwa kinga hugeuka manjano juani. Akriliki ni ngumu zaidi kupinda na huvumilia jua kwa muda mrefu, ila ikipigwa kwa nguvu hupasuka. Mtu anayeandika "plastiki" tu, bila kusema ipi, amemwachia fundi achague, na pengine fundi hajui kwamba pana la kuchagua.

4. Mashua za faibaglasi

Wakati huo huo ufundi wa kuunda mashua ulikuwa ukibadilika. Mnamo mwaka 1942 Ray Greene wa Ohio, Marekani, aliunda mashua ndogo kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu wa poliesta. Mwaka 1956 ilitoka Bounty II, mashua kubwa ya matanga iliyochorwa na Philip Rhodes, na mwaka 1959 ikatoka Triton, iliyochorwa na Carl Alberg na kuundwa na ndugu wawili wa ukoo wa Pearson katika Rhode Island. Triton ina urefu wa futi 28, na ziliundwa zaidi ya 700 kabla ya kusimamishwa mwaka 1967. Kwa mara ya kwanza mashua ilitoka kiwandani kwa kalibu moja, zikifanana kama matofali.

Faibaglasi haiozi wala hailiwi na mchwa wa baharini. Matokeo yake hayakutazamiwa na waundaji wenyewe: gamba la mashua likaishi kuliko viungo vyake. Nyingi za mashua hizo bado zaelea baada ya zaidi ya nusu karne, huku matanga, kamba, mitambo na vifuniko vyake vikiwa vimebadilishwa mara kadhaa. Vifuniko vya awali mara nyingi vilikuwa vya mbao au faibaglasi, pengine na kipande cha plastiki kilichofungwa kwa parafujo. Kuanzia miaka ya 1970 vifuniko vyenye fremu ya alumini na bamba la akriliki lililolala ndani yake vikawa vya kawaida.

Mwezi wa Agosti 1979 mashindano ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ayalandi, yalikutwa na dhoruba kali. Mashua 303 zilianza, 85 zikamaliza. Washindani 15 walikufa. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, na katika hizo ni 5 tu zilizopotea; nyingine zilikutwa baadaye zikiwa bado zinaelea. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka huo huo ilitaja, miongoni mwa mambo mengi, kwamba mbao za kufungia mlango wa kushukia chumbani zilitoka mahali pake mashua zilipolala au kupinduka, maji yakaingia bila kizuizi. Tangu hapo suala la vifuniko lilipewa uzito mpya. Hivi leo kipo kipimo cha kimataifa, ISO 12216, kilichotolewa kwanza mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2020, kinachohusu nguvu za madirisha, vifuniko na milango ya mashua na uwezo wake wa kuzuia maji. Siku itakapotafsiriwa, istilahi zinazojadiliwa hapa zitahitajika zote.

5. Namna tatu za kuchakaa

Jua, chumvi na miguu ya watu hulichakaza bamba la akriliki kwa namna tatu, na ni muhimu lugha izitenge.

Ya kwanza ni mkwaruzo. Huu uko juu ya uso tu, na waweza kuondolewa kwa msasa laini wa maji na kisha dawa ya kung'arishia. Ya pili ni ukungu, yaani bamba kupoteza uangavu wake kwa jumla. Pengine husuguliwa ukapungua, pengine haupungui. Ya tatu ni nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama nywele, ambazo humetameta mwanga unapozipiga kwa ubavu. Hizi tunapendekeza ziitwe "nyufa nywele". Hutokana na mkazo uliomo ndani ya bamba ukichangiwa na jua na dawa kali, nazo haziko juu tu, huingia ndani. Methali yatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nyufa nywele hazizibiki, na kuzisugua ni kupoteza nguvu. Bamba lenye nyufa hizo limepungukiwa nguvu, na huenda likapasuka siku mtu atakapolikanyaga au wimbi litakapoliangukia. Dawa yake ni kubadilisha.

Mfasiri aliyeyaita yote matatu "michubuko" au "mikwaruzo" amemshauri mwenye mashua ang'arishe kitu ambacho alipaswa kukitupa.

Hapa ndipo linapojitokeza tatizo la neno "kioo". Katika maelekezo ya usafi, bamba hili likiitwa kioo, msomaji atafanya afanyavyo mtu mwenye akili anapoambiwa asafishe kioo: atachukua spiriti, petroli, au dawa ya madirisha yenye amonia. Kioo cha kweli hakidhuriki kwa hayo. Akriliki hudhurika, spiriti ikilikuta bamba lenye mkazo huzaa nyufa nywele, na asetoni huyeyusha uso wake. Maji na sabuni laini vyatosha. Neno moja lililotumiwa kwa mazoea limeharibu kitu ambacho maelekezo yaliandikwa ili kukihifadhi.

6. Kubadilisha bamba: gundi au kalafati?

Kazi yenyewe huenda hivi. Kifuniko hufunguliwa kwenye bawaba na kushushwa, kisha fremu hulazwa mezani. Kalafati ya zamani, ile iliyoko kati ya bamba na fremu, hukatwa kwa kisu chembamba pande zote, na bamba husukumwa litoke. Bamba kuukuu, hata likiwa limepasuka, halitupwi; ndilo kiolezo cha bamba jipya. Bamba jipya huchorwa kwa kulifuata hilo, hukatwa kwa msumeno wenye meno madogo, kingo hulainishwa kwa tupa na msasa. Kama pana matundu ya komeo ya kutobolewa, keekee huzungushwa polepole na ncha yake hupunguzwa makali, kwa kuwa ncha kali huuma plastiki na kuipasua. Fremu husafishwa hadi alumini yenyewe ionekane, bila kuacha hata chembe ya uchafu wa zamani, maana uchafu huo ndio mwanzo wa uvujaji ujao.

Kisha huja hatua ambayo ndiyo roho ya kazi. Bamba halitakiwi kuigusa fremu mahali popote. Hukalishwa juu ya vijipande vidogo vya mpira, na pande zote huachwa nafasi ya kama milimita 3, ambayo hujazwa kitu laini chenye kunyumbuka.

Sababu ya nafasi hiyo ni hesabu rahisi. Chukua bamba la akriliki lenye urefu wa milimita 600, na ulipandishe joto kwa digrii 40, jambo ambalo jua hulifanya kila siku. Bamba hilo litarefuka kwa karibu milimita 1.7. Fremu ya alumini ya urefu huo huo itarefuka kwa karibu milimita 0.55, na kioo cha kweli kwa milimita 0.2 tu. Tofauti kati ya bamba na fremu yake yazidi milimita 1, na mwendo huo hurudiwa asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo yale yale ya dirisha la msaji na kioo chake, kwa sura mpya. Bamba lililobanwa lisipate pa kutanukia litajipasua lenyewe.

Sasa tutazame neno. Kitu hicho laini kinachojazwa katika nafasi, maelekezo mengi ya Kiswahili hukiita "gundi". Gundi ni kitu cha kushikamanisha viwili viwe kimoja. Fundi aliyeambiwa atie gundi atafanya kazi ya gundi: atapaka kidogo, atabana kwa nguvu, atakamua iliyozidi hadi bamba na fremu vigusane. Kila alichokifanya ni ufundi mzuri, na kila alichokifanya ni kosa, kwa sababu alipewa jina la kitu kingine.

Kiswahili kina neno linalofaa, nalo ni "kalafati". Mabaharia wetu walilipokea kutoka Kiarabu na kulifanya lao. Kalafati ni pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi katika maungio ya mbao za jahazi. Haikusudiwi kuzigandisha mbao, bali kuujaza uwazi uliopo kati yao, ikibonyea mbao zinapofura na kubaki mahali pake zinaposinyaa. Fundi wa Lamu au Unguja akiambiwa "tia kalafati" anajua kwamba lazima pawe na nafasi ya kuitia, na kwamba kinachotakiwa ni kujaza, wala si kubana. Maarifa yote ya hatua hii yamo ndani ya neno lenyewe. Kwa hiyo twapendekeza "kalafati" liwe jina la jamii nzima ya vitu hivi, na aina zitajwe baada yake: kalafati ya silikoni, kalafati ya poliyurethani, kalafati ya polisalfaidi. Na aina zisichanganywe, kwani polisalfaidi, ambayo ni nzuri sana kwa mbao, huiharibu akriliki na polikaboneti. Kwa mabamba haya, silikoni iliyokusudiwa kazi hiyo ndiyo itumikayo sana.

Liko pia suala la kitenzi. Maelekezo husema "subiri ikauke". Kukauka ni kupoteza maji. Lakini kalafati ya silikoni na ya poliyurethani hazipotezi maji. Huuvuta unyevu wa hewani na kwa unyevu huo hugeuka mpira. Anayeambiwa ikauke ataipeleka juani au kuichochea kwa moto, naye huenda akaichelewesha. Waashi wetu husema saruji "imeshika", nao hawasemi imekauka, kwani wajua kwamba saruji humwagiwa maji ili iwe imara. Tufuate nyayo zao: kalafati "hushika" pale uso wake unapoacha kunata, na "hukomaa" pale inapokuwa imara hadi ndani, jambo ambalo huchukua siku kadhaa.

Mwisho, tusichanganye kalafati na "ukanda wa mpira" unaozunguka kifuniko kwa ndani na kubanwa juu ya kizingiti kinapofungwa. Kalafati hukaa daima. Ukanda hubanwa na kuachiwa. Maji yaweza kupita njia tatu: kati ya bamba na fremu, kati ya kifuniko na kizingiti, na kati ya kizingiti na sitaha yenyewe. Wengi hubadilisha bamba, na bado chumba kikaendelea kulowa, kwa sababu njia iliyovuja ilikuwa ya tatu. Ukaguzi hufanywa kwa kumwaga maji kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu, huku mwenzako akitazama ndani.

7. Mapendekezo

Kanuni ya kuunda istilahi inajulikana: tuanze na hazina ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa kuifuata kanuni hiyo, twapendekeza haya:

Tundu la sitaha: uwazi katika sitaha wa kupitisha watu, hewa, mwanga au mizigo.
Kifuniko cha tundu: kitu kizima kinachofunga tundu, pamoja na fremu yake.
Kizingiti cha tundu: ukingo uliosimama kuzunguka tundu.
Bamba angavu: kipande cha kupitisha mwanga kilicho ndani ya fremu, kiwe cha kioo, akriliki au polikaboneti.
Kioo: kitumike kwa kioo cha kweli pekee.
Nyufa nywele: nyufa ndogo ndogo za ndani, zisizong'arishika.
Kalafati: kijazio kinyumbukacho cha maungio.
Nafasi ya kutanukia: uwazi unaoachwa makusudi ili kitu kitanuke.
Ukanda wa mpira: kizuizi cha maji kinachobanwa kifuniko kinapofungwa.
Kushika, kukomaa: hatua mbili za kalafati kuwa imara.

Majina ya kemikali, kama akriliki, polikaboneti na silikoni, twapendekeza yabaki yalivyo kwa matamshi ya Kiswahili. Ni majina ya kimataifa, na fundi atakayekwenda dukani atayakuta yameandikwa kwenye kopo. Majina ya biashara yasitumiwe katika sheria wala katika vitabu vya shule, kwani kampuni huuzwa na majina hubadilika.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika orodha yetu maneno ya kukopa ni machache, na mengi yalikuwapo tangu zamani yakifanya kazi majahazini na majumbani. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, dau lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kutumiwa upya, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mkuku wake ni wa plastiki, na bado ni mkuku. Lugha ya ufundi haibadiliki kwa kila malighafi mpya. Hubadilika pale kazi yenyewe inapobadilika. Ndiyo maana kalafati yafaa kwa silikoni kama ilivyofaa kwa pamba, na kioo hakifai kwa akriliki ingawa vyote viwili vyang'aa.

Kwa wafasiri, basi, kabla ya kuandika neno ni vyema kuuliza mambo matatu: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani, na msomaji akiliona neno hili mikono yake itafanya nini. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kwa walimu wa shule za ufundi, maneno ya mafundi wa vyombo yakusanywe wakati wenyewe wangali hai na tayari kuyaeleza. Na kwa watumishi wanaotayarisha sheria, kimo cha kizingiti hakipimiki kabla kizingiti hakijapewa jina. Maoni ya wasomaji juu ya mapendekezo haya, hasa ya wale wanaoishi na kufanya kazi pwani, yatapokewa kwa shukrani.